Buibui mchanga hahitaji mchanga

Nilimkuta mtoto wangu wa tarantula, yule buibui mkubwa wa manyoya, asubuhi ya Jumapili, katikati ya tangi la kioo, miguu yote minane imekunjwa chini ya mwili kama vidole vya mtu aliyeficha sarafu kiganjani. Mwili wake haukuzidi punje ya mchele. Tangi lilikuwa na upana wa sentimita 30, taa ya joto juu, mchanga mwekundu wa dukani chini, na kibakuli cha maji ambacho kwake kilikuwa ziwa. Nilitumia pesa nyingi kwa nyumba kuliko kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba alidumu siku kumi na moja.

Si kwamba sikusoma. Nilisoma mno. Mfugaji mmoja aliandika kwamba mtoto wa tarantula lazima akae kwenye unyevu, mwingine kwamba unyevu ndio unaoua. Huyu alisema joto, yule alisema zima hiyo taa haraka. Wapo waliolisha kila siku na waliolisha mara moja kwa wiki, na wote walikuwa na buibui hai wa kuonyesha. Baadaye nikaja kuona kwamba mabishano hayo yote yanazunguka kitu kimoja ambacho hakitajwi: maji yaliyomo ndani ya mwili wa buibui. Ukijua yanafanya kazi gani na yanapotelea wapi, huna tena haja ya kukariri ushauri wa watu.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Jina lake limetoka Taranto, mji wa kusini mwa Italia, ambako watu walimwita hivyo buibui mwingine kabisa, mwindaji wa mbio asiye mkubwa sana. Wazungu walipofika Amerika na kukuta mabuibui makubwa yenye manyoya, wakawabebesha jina lilelile. Leo tarantula ni ukoo wa Theraphosidae, wenye spishi zaidi ya 1,000, na Afrika Mashariki tunao wetu. Siku moja nikiwa kwenye maonyesho ya Hamm, Ujerumani, ambako wafugaji wa nyoka, mijusi na mabuibui hukutana mara kadhaa kwa mwaka, niliona safu ya vikopo vimebandikwa neno “Usambara”. Ndani mlikuwa na vitoto vya Pterinochilus murinus, wa rangi ya chungwa lililoiva. Mimi nimekulia Muheza, chini ya milima hiyohiyo, na sikuwahi kumwona hata mmoja. Nililazimika kupanda ndege ili nikutane na jirani yangu.

Sikumnunua, nawe usianze na yeye. Ni mwepesi kama umeme na anauma bila salamu, na waliong'atwa wanasimulia maumivu makali na misuli inayokakamaa. Anayeanza hutafutiwa mpole. Wengi huanza na Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati, mwenye manyoya yaliyojikunja, au Brachypelma hamorii wa Mexico, mwenye magoti mekundu. Huyo wa magoti mekundu hukua polepole kweli, na jike anaweza kuvuka miaka 20. Ukimbeba mtoto wa darasa la kwanza dukani mkachague pamoja, jua kwamba buibui huyo anaweza kuwapo siku ya harusi yake. Dume hana maisha hayo; akishapevuka huwa amebakiza muda mfupi tu. Na ukimwangalia mtoto wa sentimita moja, hutajua umepata yupi.

Mwili unaoendeshwa kama tipa

Sisi tunakunja mkono kwa msuli mmoja na kuunyoosha kwa mwingine. Buibui anayo misuli ya kukunja mguu, lakini kwenye viungo viwili vikubwa vya mguu hana msuli wa kunyoosha. Anaunyoosha kwa kusukumia damu ndani yake. Ni kazi ileile inayofanywa na tipa la kokoto: mafuta ya haidroliki yanasukumwa, bodi linanyanyuka. Mafuta yakivuja, dereva atabonyeza mpaka achoke, bodi litabaki limelala.

Kwa hiyo buibui aliyekunja miguu chini ya mwili hajajikunyata kwa baridi wala kwa woga. Presha imeshuka. Mara nyingi ameishiwa maji, na miguu imebaki mikononi mwa misuli ya kukunja peke yake. Hivyo ndivyo nilivyomkuta wangu.

Hapo ndipo ule mgongano wa ushauri unapoanza kufunguka. Tarantula mzima ana ngozi iliyopakwa tabaka la nta linalozuia maji yasitoke, na ana tumbo kubwa la akiba. Wa jangwani anaweza kukaa kwenye udongo mkavu miezi na miezi, ukimwekea tu kisahani cha maji. Mtoto wake, wa spishi ileile, bado hana nta ya kutosha, na mwili wake ni mdogo kiasi kwamba eneo la ngozi ni kubwa mno likilinganishwa na maji aliyobeba. Nguo ya kitoto hukauka kwenye kamba kabla ya blanketi. Anayesema “mweke pakavu” anazungumzia blanketi, anayesema “mweke pabichi” anazungumzia nguo ya kitoto, na wote wawili wako sahihi. Mimi nilichukua ushauri wa blanketi.

Kikopo

Tangi la kioo lirudishe kabatini, utalihitaji baada ya miaka. Mtoto mwenye upana wa sentimita moja na nusu, kuanzia ncha ya mguu mmoja mpaka ncha ya mguu wa upande wa pili, anatosha kwenye kikopo cha plastiki angavu cha mililita 60 mpaka 100, kile wanachowekea achari au mchuzi wa kubeba. Watu huona ni jela. Lakini kwenye kikopo unamwona, unyevu unadumu, na chakula kinakutana naye; kwenye tangi kubwa nyenje hujificha pembe ya kaskazini na buibui pembe ya kusini, na kila mmoja hufa kivyake. Kipimo cha jumla ni upana wa miguu mara tatu au nne.

Matundu ya hewa yatobolewe kwa sindano iliyopashwa moto, kutoka ndani kwenda nje, ili vikwaruzo vya plastiki vibaki nje. Yawe pande mbili zinazotazamana, hewa ipite, isizunguke tu chini ya mfuniko. Ukubwa wake usipimwe kwa tumbo la buibui. Tumbo linabonyea, kisichobonyea ni lile gamba gumu la mbele, linalobeba macho na miguu. Linapopita gamba, buibui mzima atapita, na kitoto cha saizi hii kikitoka hutakitafuta, utakikumbuka tu.

Sasa udongo. Mchanga unaonekana mzuri kwa macho ya binadamu aliyetazama picha za jangwa, lakini haushiki maji na shimo lake huporomoka, na mtoto wa tarantula ni mchimbaji. Kinachofaa ni unga wa makumbi ya nazi. Huku Ulaya unauzwa kama tofali kavu lililoshindiliwa. Unaliloweka ndoo moja ya maji linavimba kama uji uliosahauliwa jikoni. Nililipia pesa nzuri tofali la kwanza huku nikifikiria marundo ya makumbi yanayooza bure nyuma ya nyumba zetu. Ukiwa pwani unaweza kuyatumia moja kwa moja, ila angalia yametoka wapi. Wanawake wa Jambiani na Bwejuu, kule Unguja, huyafukia ufukweni kwa miezi kabla ya kuyaponda kupata usumba wa kusokota kamba. Hayo yameshiba chumvi, si ya buibui. Chukua yasiyoguswa na bahari, yaponde, yasuuze mara kadhaa.

Jaza nusu ya kikopo mpaka theluthi mbili, ushindilie kidogo kwa kidole ili shimo lisimame. Kiasi cha unyevu utakipima kwa mkono: ukifumba konzi ya udongo maji yasidondoke, na ukifumbua ubaki umeshikana kama tonge. Kisha toboa kishimo kwa penseli kandokando ya kipande cha gome au kigae cha kifuu. Unamwanzishia tu, atamalizia mwenyewe, na pengine atakataa kazi yako achimbe pengine.

Maji yanaongezwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kwa kijiti cha kudondoshea dawa, ukiyateremsha kwenye ukuta wa upande mmoja. Yanashuka mpaka chini. Juu panakauka, chini panabaki pabichi, upande mmoja umelowa kuliko mwingine, na buibui anasogea anapojisikia vizuri. Anajua kiu yake kuliko wewe. Kumpulizia maji mwilini ni kumtesa tu, na sifongo ndani ya maji, waliyokuwa wakiipendekeza zamani, ni shamba la bakteria. Kifuniko cha chupa ya soda kitafaa kuwa bwawa pale atakapokuwa mkubwa kuliko punje ya harage. Kabla ya hapo hunywa matone yaliyonasa kwenye utando wake.

Usichanganye udongo mbichi na hewa iliyofungiwa. Tarantula anapumua kwa mapafu manne yaliyopangwa kurasa kurasa kama daftari, upande wa chini wa tumbo. Kikopo kisicho na matundu, chenye jasho ukutani, huota ukungu na kuzaa utitiri, na huko ndiko waliko wale wanaosema unyevu unaua. Kinachoua ni uvundo. Vile vipimo vya mshale vya kubandika ukutani, vinavyosema unyevu ni asilimia 70 au 80, mimi nilivitupa. Udongo uliougusa kwa kidole unasema kweli zaidi.

Joto nalitaja kwa ufupi kwa sababu ni fupi. Chumba cha nyuzi 20 mpaka 26 kinatosha, ukivaa fulana bila kutetemeka basi naye yu salama. Taa inakausha. Mkeka wa umeme chini ya kikopo ni mbaya zaidi, kwa sababu porini joto hutoka juu, na buibui akiona joto huchimba kwenda chini. Ukimwashia moto chini, anachimba kuukimbia na anaufuata.

Mwenye kufuga Dar au Mombasa ana shida nyingine ambazo maelezo ya Wazungu hayazigusi. Dirisha la jua la saa nne linageuza kikopo kuwa tanuri. Sisimizi wakinusa mabaki ya nyenje watamkata mtoto vipande usiku mmoja. Dawa yake ni ileile ya kabati la chakula la mabibi zetu, kusimamisha kikopo juu ya glasi iliyopinduliwa katikati ya sahani ya maji. Na kuna mbu. Dawa ya kupulizia, koili inayofuka, chandarua chenye dawa, vyote hivyo ni pareto au ndugu zake wa kiwandani, vilivyotengenezwa kuua viumbe wenye miguu mingi kuliko yetu. Ukitoka kuchomeka chandarua, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kufungua mfuniko. Mende wa jikoni naye usimtoe kafara, hujui amepita kwenye sumu ya nani.

Mguu mmoja wa nyenje

Mtoto mdogo hapewi mnyama wa kupigana naye. Anapewa mguu wa nyenje, ule wa nyuma wenye paja nene, au kipande cha buu lililokatwa, kinawekwa karibu na mlango wa shimo jioni. Nyenje aliye hai asizidi urefu wa mwili wa buibui. Mara moja au mbili kwa wiki. Tarantula hatafuni kama sisi; anatoa vimeng'enya, anaikologa nyama, anafyonza supu, na supu hiyo ni sehemu kubwa ya maji yake. Kesho yake mabaki yaondolewe kwa kibano.

Utajuaje ameshiba? Tumbo. Likiwa na upana sawa na gamba la mbele, au kuzidi kidogo, mambo yako sawa. Likiwa limenywea dogo kuliko gamba, ongeza maji kwanza, kisha chakula. Likivimba kama zabibu, acha kulisha: buibui mnono akianguka hata kimo cha glasi anaweza kupasuka, na hakuna wa kumshona. Ndiyo maana boksi la anayetembea ardhini halitakiwi kuwa refu. Akishakua, kutoka udongo mpaka mfuniko pasizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake. Watu hujenga ghorofa, buibui anaomba shimo.

Halafu siku moja anagoma kula. Tumbo linang'aa, linakuwa jeusi kama limepakwa mafuta, na mlango wa shimo unazibwa kwa udongo. Anayeanza huogopa na kufukua. Usifukue. Anajiandaa kujivua gamba. Watanzania wa mwaka 2011 walilisikia sana neno hilo kwenye siasa, na waliolipigia debe walidhani ni jambo la kupendeza. Wangeliona likitokea wangelitumia kwa tahadhari zaidi.

Mimi niliona kwa bahati, kwa mtoto wangu wa pili, kwa sababu alichimba shimo lake kandokando ya ukuta wa kikopo. Saa tano usiku nilipita na tochi nikamkuta chali juu ya mkeka mweupe wa utando. Moyo ulinipasuka. Tofauti ndogo ndiyo iliyonizuia kumgusa: amelala chali, miguu imetanuka. Aliyekauka husimama, miguu ikiwa imekunjwa chini yake. Tofauti hiyo ikumbuke kuliko kitu kingine katika makala hii, maana wapo waliotupa jalalani buibui mzima aliyekuwa katikati ya kazi.

Nikazima taa ya chumba, nikabaki na tochi niliyoifunika kwa kitambaa. Gamba la mbele lilifunguka kama mfuniko wa sufuria. Kwa dakika kadhaa hakukuwa na kitu, kisha tumbo likajikaza, na miguu ikasogea nje ya miguu, unywele kwa unywele, kama mtu anayetoa mikono minane kwenye glavu zilizolowa bila msaada wa meno. Meno yenyewe alikuwa anayavua pia. Ngozi ya chonge, ya koo, na hata vifuniko vya mapafu hutoka pamoja na gamba. Inayosukuma yote hiyo ni presha ya maji yale yale ya mwilini, na kilainishi kati ya ngozi kuukuu na ngozi mpya ni maji pia. Aliyeingia na kiu hukwama nusu njia, mguu mmoja ndani. Wangu alimaliza kabla ya saa sita. Alibaki hapo amelegea, rangi ya chai ya maziwa, chonge nyeupe pe.

Chonge hizo ndizo saa yako. Zikiwa nyeupe hawezi kutoboa kitu, na nyenje hai aliyeachwa humo anaweza kumla yeye. Zitakwenda wekundu wa kahawia, kisha zitakuwa nyeusi. Kwa mtoto ni siku chache, kwa mtu mzima ni wiki moja au mbili. Hapo ndipo chakula kinarudi. Kama alikuwa amepoteza mguu, ataibuka na mpya, mwembamba, utakaofikia wenzake baada ya magamba mengine.

Ukimkuta amekunja miguu akiwa wima, bado lipo la kujaribu. Kikopo safi, karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, matundu mengi, na mdomo wake usogezwe ukaribie tone la maji. Mdomo uko chini, kati ya vipapasi, vile viguu viwili vifupi vya mbele, nyuma ya chonge. Ndani ya saa chache wengine hufunguka kama mwavuli. Wangu wa kwanza sikumjaribia, sikujua.

Kumhamisha ni pale miguu yake inapofikia theluthi ya kikopo. Fanyia kazi hiyo ndani ya beseni kubwa, umsukume taratibu kwa brashi laini ya rangi, kikombe kikimsubiri mbele. Mkononi hapandishwi. Hana faida yoyote ya kupapaswa, na wale wa Amerika wakishakua kidogo hujikuna tumbo kwa mguu wa nyuma na kurusha manyoya yanayowasha. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha kisa cha Mwingereza aliyekuwa akisafisha tangi la tarantula wake. Manyoya yakamwingia jichoni, na madaktari wakayakuta yamechoma ndani ya konea. Tangu niliposoma hicho, nafungua boksi nikiwa nimevaa miwani, na mke wangu ananicheka.

Swali la mwisho huwa: kwa nini nisichimbue mmoja kule nyumbani? Kwa sababu biashara ya wanyamapori ina sheria na vibali, na kwa sababu tarantula wanaochukua miaka kupevuka hawarudishi idadi yao haraka. Brachypelma wa Mexico walivunwa mpaka jenasi yote ikaingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, katika miaka ya 1990, na Poecilotheria wa India na Sri Lanka wakafuata mwaka 2019. Nunua aliyezaliwa kwa mfugaji, uulize amezaliwa wapi. Muuzaji anayekwepa swali hilo ameshakujibu.

Yule wa pili sasa ana upana wa kiganja cha mtoto, yuko kwenye boksi la tatu, amejenga chini ya nusu kifuu. Wiki tatu hajala. Juzi amekokota udongo akaziba mlango, tonge baada ya tonge, akalibakiza tundu dogo upande wa kwenye maji. Nimejaza kifuniko, nimezima taa.